Msitu Ni Mali ya Mji: Nani Apite, na Apite Wapi?

Barua zilizotufikia safari hii zinahusu misitu ambayo haimilikiwi na serikali kuu wala na mtu binafsi, bali na mji wenyewe kupitia halmashauri yake. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kumfaa yeyote anayeishi karibu na msitu wa aina hiyo, na nimezifupisha bila kubadili maana.

Mimi ni mjumbe wa kamati inayousimamia msitu wa mji wetu. Wageni wanaongezeka kila mwaka, na wajumbe tumegawanyika. Baadhi wanataka tuweke kikomo cha watu kwa siku. Wengine wanasema huwezi kumhesabu mwenye mali anapoingia katika mali yake. Je, kuna idadi ya kitaalamu ya watu ambao msitu unaweza kuwastahimili?

Ndugu mjumbe, idadi hiyo imetafutwa na wataalamu kwa miongo mingi na haikupatikana, kwa sababu madhara hayategemei wingi wa watu peke yake. Watu mia wanaopita kwa mstari juu ya njia imara wanaweza kuuacha msitu kama walivyoukuta, ilhali watu kumi wanaotawanyika kwenye bonde lenye unyevu, kila mmoja akitafuta mahali pake pa kukaa, wataacha alama ambayo itachukua miaka kufutika.

Sababu yake iko ardhini. Sehemu kubwa ya mizizi myembamba ambayo mti huitumia kunywa maji na kupata chakula iko kwenye tabaka la juu kabisa la udongo, kwa kawaida ndani ya sentimita 30 za kwanza. Mguu unaposhindilia udongo huo, nafasi ndogo zinazobeba hewa na maji hubanwa, mvua inashindwa kupenya na kuanza kutiririka juu, na mizizi inakosa hewa hata kama hakuna aliyeugusa mti. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokea mapema. Nyayo chache za mwanzo ndizo zinazoua mimea midogo na kushindilia udongo. Nyayo zinazofuata mahali hapohapo huongeza madhara kidogo tu. Kwa hiyo ushauri unaotolewa kwa nia njema, kwamba watu watawanywe ili kila sehemu ipate mzigo mdogo, mara nyingi hueneza uharibifu msitu mzima. Msitu unaotembelewa na wengi hulindwa vizuri zaidi kwa kuwakusanya watu kwenye njia chache, zilizojengwa kwa ajili ya kazi hiyo, na kuiacha sehemu nyingine yote bila mguu wa mtu. Nikiulizwa jambo moja ambalo kamati ya msitu inapaswa kulijua kuliko yote, ni hilo.

Badala ya kuuliza ni watu wangapi, ulizeni ni mabadiliko gani mko tayari kuyavumilia na yapi hamtayavumilia kamwe. Mwaka 1985 George Stankey, David Cole na wenzao katika Idara ya Misitu ya Marekani waliandika utaratibu uliojengwa juu ya swali hilo, na tangu hapo umetumika katika hifadhi nyingi duniani. Mnaugawa msitu katika sehemu, kila sehemu mnaiandikia hali inayotakiwa, mnachagua vipimo vichache ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipima, kisha mnaweka mpaka ambao ukivukwa ni lazima kamati ichukue hatua. Vipimo vyenyewe vinaweza kuwa upana wa njia, idadi ya vichochoro visivyo rasmi vinavyotoka kwenye njia hiyo, urefu wa mizizi iliyofukuliwa, au ukubwa wa uwanja usio na majani pale watu wanapopumzikia. Pigeni picha mahali palepale kila mwaka, mwezi uleule. Kamati yenye picha za miaka mitano haigombani sana, kwa kuwa kila mjumbe anaona kwa macho yake mambo ambayo awali aliyasikia kwa mjumbe wa upande mwingine.

Kuhusu kuugawa msitu, mfano mzuri ni Sihlwald, msitu wa mji wa Zürich nchini Uswisi, ambao kwa karne nyingi uliupatia mji huo kuni na mbao, na sasa haukatwi tena ili urudie hali yake ya asili. Katika eneo la kiini mgeni haruhusiwi kutoka kwenye njia. Katika eneo linalolizunguka ana uhuru zaidi. Hakuna anayezuiwa kuingia, wala hakuna anayehesabiwa langoni, na bado kuna sehemu kubwa ambako mnyama hakutani na mtu.

Siku ya kuweka kikomo cha idadi inaweza kufika, hasa mahali pamoja penye mvuto mkubwa, kama maporomoko ya maji au jabali la kutazamia mandhari. Ikifika, anzeni na maegesho ya magari. Ukubwa wa maegesho ndio lango halisi la msitu, na kuyapanua ni uamuzi wa kuongeza wageni hata kama hakuna aliyeutamka hivyo kwenye kikao.

Sisi ni kikundi cha waendesha baiskeli. Kamati imeziba njia tuliyoitengeneza wenyewe kwa kujitolea, ikidai baiskeli zinaharibu msitu. Watembea kwa miguu wanaendelea kuitumia kwa kuruka magogo yaliyowekwa. Hii ni haki?

Nimeisoma barua yenu mara mbili, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili yaliyochanganywa. La kwanza ni kama baiskeli inaumiza udongo kuliko mguu. Tafiti zilizolinganisha mambo hayo kwenye njia halisi hazikuona mara nyingi tofauti kubwa kati ya baiskeli na mtembeaji. Farasi ndiye anayechimba zaidi. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba baiskeli kwa asili yake ni adui wa msitu, mna haki ya kuomba ushahidi.

La pili ni kama njia yenu ilistahili kuwepo, na hapa siwezi kuwaunga mkono. Njia iliyokatwa na watu wanaotafuta raha ya kasi kwa kawaida hushuka mteremko moja kwa moja, na njia ya namna hiyo ni mfereji. Maji hayatafuti pengine pa kupita. Yanafuata njia, yanaongeza kasi, yanabeba udongo, na baada ya misimu michache mtu hupita pembeni kukwepa korongo, ndipo njia moja inapozaa tatu. Wajenzi wa njia wana kanuni mbili ambazo zimehimili majaribio ya muda mrefu. Ya kwanza ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mteremko inaoukata, na kwa wastani ubaki karibu asilimia 10. Ya pili ni kwamba uso wa njia uinamishwe kidogo, kama asilimia 5, kuelekea upande wa chini, ili maji yavuke njia badala ya kuifuata. Pamoja na hayo, kila baada ya umbali fulani njia inayopanda inapaswa kushuka kidogo kisha ipande tena, kwa kuwa bonde hilo dogo huyatoa maji nje hata pale uso wa njia unapochakaa. Njia iliyojengwa hivyo haihitaji mtu wa kuifagia mifereji kila baada ya mvua, na mwendesha baiskeli ataipenda kuliko ile iliyonyooka.

Ushauri wangu ni mwende kwenye kamati mkiwa na ramani na si malalamiko. Ombeni njia moja iliyopangwa vizuri, mjitolee kuijenga chini ya usimamizi wao na kuitunza kwa mkataba wa maandishi, na mkubali kwamba ile ya zamani ifukiwe kabisa. Nasema ifukiwe kwa maana ya udongo kulegezwa na jembe, matawi kutandazwa, miche kupandwa hasa pale mwanzoni na mwishoni ambapo jicho linaiona njia, kwa sababu gogo moja lililolazwa mlangoni linamwambia mpita njia tu kwamba hapa palikuwa na njia.

Hofu ya watembea kwa miguu nayo msiidharau. Mtu mzima anayesikia tairi nyuma yake kwenye kona anatishika kweli, na hakuna takwimu ya udongo itakayompoza. Kona zenye mwonekano mrefu na njia tofauti pale penye msongamano zinapunguza ugomvi kuliko vibao.

Nina mbwa mwenye adabu, haumi wala habweki. Kwa nini nilazimishwe kumfunga kamba msituni, mahali pekee ambapo angeweza kukimbia?

Dada msomaji, adabu ya mbwa wako haina maana kwa ndege anayetaga chini, kwa kuwa yeye hamjui. Anamwona mnyama mwindaji na anaruka, na mayai yanapoa. Mbwa anayekimbia huru anafika pia ndani sana kuliko mtu, na hivyo lile eneo lisilo na usumbufu ambalo nimelieleza hapo juu linapungua.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani. Watafiti wa Ubelgiji waliochunguza hifadhi zilizo pembezoni mwa mji wa Ghent walichapisha mwaka 2022 makadirio kwamba kinyesi na mkojo wa mbwa uliongeza kwa wastani kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta kwa mwaka. Hiyo ni mbolea, na msitu uliozoea udongo maskini haujaiomba. Mimea michache inayopenda rutuba hunenepa na kuisonga mingine yote. Ukiokota kinyesi unaondoa karibu fosforasi yote, ila naitrojeni ya mkojo hubaki. Kwa hiyo okota, mfunge kamba, na ikiwa mji wenu una uwanja wenye uzio kwa ajili ya mbwa kukimbia, mpeleke huko. Ikiwa haupo, hilo ni ombi halali la kupeleka kwa madiwani, kwani mtu aliyenyimwa mahali hapa anastahili kuonyeshwa mahali pengine.

Katika msitu wetu kuna miti mingi iliyokauka na magogo yanayooza, na wasimamizi wanakataza watu kuyachukua kuwa kuni. Naona ni upotevu, na msitu unaonekana mchafu. Pia nahofia miti hiyo itawaangukia watu.

Mzee wangu, neno ulilotumia, mchafu, nalisikia mara kwa mara, na ninalielewa, kwa maana wengi wetu tumefundishwa kuupima msitu kwa jicho la mtu anayefagia uwanja. Lakini gogo linalooza ni nyumba. Inakadiriwa kwamba kati ya robo na theluthi ya aina za viumbe wa msituni, katika hatua moja au nyingine ya maisha yao, hutegemea mbao zilizokufa: kuvu, mende, nyuki wa porini, ndege wanaotoboa mashina, popo wanaojificha chini ya magamba. Gogo pia hushika maji kama sifongo na kuyatoa taratibu wakati wa kiangazi, na miche mingi huota juu yake.

Hofu yako ya kuangukiwa ni ya haki, na jibu lake linategemea umbali. Mti mfu ulio mbali na njia kwa zaidi ya urefu wake mmoja na nusu hauwezi kumfikia mtu anayepita njiani, na hakuna sababu ya kuuangusha. Ulio karibu na njia, benchi au maegesho ukaguliwe kwa ratiba iliyoandikwa, angalau mara moja kwa mwaka na baada ya kila dhoruba. Ukionekana hatari, mara nyingi inatosha kuukata juu na kuacha shina fupi lililosimama, ambalo wadudu na ndege wataendelea kulitumia. Kumbukumbu za ukaguzi zihifadhiwe. Ajali ikitokea, swali la kwanza litakuwa kama mwenye msitu alijua, au alipaswa kujua.

Kuhusu kuni, sitasema kwamba kuvuna ni kosa daima, kwa maana historia inakataa. Chukua msitu wa Epping, karibu na London, wenye ukubwa wa takriban hekta 2,400. Kwa karne nyingi wakazi wa vijiji vyake walikuwa na haki ya kukata matawi ya miti wakati wa baridi, kwenye kimo ambacho mifugo haikuweza kuyafikia machipukizi mapya. Mti uliokatwa hivyo hauvunjiki kwa uzito wake, unaishi mamia ya miaka, na mwanga unaingia hadi chini ambako maua na vipepeo huishi. Sheria ya mwaka 1878 iliuokoa msitu huo usigawanywe na kuzungushiwa ua, ikaukabidhi kwa Shirika la Jiji la London, na wakati huohuo ikakomesha haki ya kukata matawi. Watu wa kijiji cha Loughton walilipwa fidia, na sehemu yake ikajenga ukumbi wa umma ambao hadi leo unaitwa kwa jina la kazi ile. Wengi waliamini msitu sasa ungestawi kwa kuwa mkono wa mtu umeondolewa. Matokeo yakawa vilele vizito vinavyopasua mashina ya kale, na kivuli kizito kilichoua uoto wa chini. Wasimamizi wa siku zetu wamerudi kuikata baadhi ya miti ile kwa utaratibu wa zamani. Huwa naukumbuka msitu huo kila ninaposikia kwamba kuhifadhi maana yake ni kutogusa. Swali la kuuliza ni msitu wako uliumbwa na nini: ikiwa ni mkono wa watu uliokuwa ukivuna kwa kiasi, kuna nafasi ya kuendelea kuvuna kwa kiasi, kwa kibali, mahali palipotajwa; lakini ikiwa ni msitu ambao haujawahi kuvunwa, acha magogo yalale.

Diwani mmoja amependekeza sehemu ya msitu itolewe kwa ujenzi. Anasema mji una haki ya kufanya utakalo na ardhi yake. Wananchi tuna kinga gani?

Inategemea karatasi, na watu wengi hawajawahi kuziona. Msitu unaolindwa na azimio la baraza peke yake unaweza kutolewa na azimio lingine siku yoyote. Uliopatikana kwa hati yenye masharti, kwa mfano uliotolewa na mtu kwa sharti kwamba ubaki msitu, una kinga ya mahakama. Ulio chini ya sheria mahususi una kinga kubwa zaidi: sheria ya Epping niliyoitaja inamlazimisha msimamizi kuuacha msitu bila uzio wala majengo, kwa burudani ya umma, na ndiyo maana umebaki pembeni mwa jiji lenye njaa ya ardhi. Kuna pia njia ya kukabidhi haki ya kuzuia ujenzi kwa chombo cha tatu, ili mji ubaki mwenye ardhi lakini usiweze peke yake kuibadilisha matumizi.

Nendeni ofisi ya ardhi mkaombe hati na ramani ya mipaka kabla ya kwenda kwenye mkutano. Mipaka isiyopimwa ndiyo mwanya wa kwanza wa uvamizi. Na msisubiri hadi mashine zifike. Msitu wa Karura jijini Nairobi, ambao ni wa serikali na si wa mji, ulikuwa tayari umegawiwa watu binafsi kwa siri katika miaka ya 1990 kabla umma haujajua. Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa mwaka 1999 walipokwenda kupanda miti, na ukaokolewa kwa gharama ambayo hakuna raia anayepaswa kutozwa kwa kupanda mche.

Hoja ya mapato ikitolewa, nanyi ulizeni fedha zinazotokana na msitu sasa hivi huenda wapi. Mahali ambapo mauzo ya mbao na ada za maegesho huingia kwenye mfuko mkuu, msitu daima huonekana mzigo, kwa kuwa gharama zake zinaonekana na mapato yake yamemezwa. Mfuko wake wenyewe, wenye hesabu zinazosomwa hadharani, huondoa hoja hiyo.

Sehemu ya msitu wetu imefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa miti, na watu wanavuka kamba kila siku. Tufanyeje ili katazo liheshimiwe?

Mwanzoni mwa Mei 2018 Halmashauri ya Auckland, New Zealand, ilifunga maeneo yenye miti ya hifadhi yake ya Waitākere, kwa sababu ya kiini cha ugonjwa kinachoishi kwenye udongo na kuozesha mizizi ya kauri, miti mikubwa ya asili ya nchi hiyo, ambayo huishi kwa mamia ya miaka na mingine zaidi ya elfu moja. Kiini hicho husafiri na tope la viatu. Kabla ya hapo, mwezi Desemba 2017, wenyeji wa eneo hilo, Te Kawerau ā Maki, walikuwa wametangaza katazo lao la kimila, na mwanzoni wengi walilipuuza. Hali ilibadilika pale mambo matatu yalipofanywa pamoja: sababu ilielezwa waziwazi, vituo vya kusafishia viatu vikawekwa kwenye milango, na njia zikaanza kujengwa upya kwa changarawe na madaraja ya mbao yanayoinua mguu juu ya mizizi, kisha zikafunguliwa moja baada ya nyingine.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009 kwa utafiti wake juu ya mali za pamoja, aliona kwamba kanuni hudumu pale watumiaji wanaposhiriki kuzitunga, walinzi wanapowajibika kwao, na adhabu inapoanza ndogo na kupanda kwa anayerudia. Kwa hiyo faini kubwa siku ya kwanza haitawasaidia. Andikeni kwenye kibao ni ugonjwa gani, unaenea vipi, sehemu imefungwa hadi lini au hadi hali gani ifikiwe, na njia gani nyingine iko wazi na inaanzia wapi. Wekeni mlangoni brashi na dawa ya kuua viini, na kwa wiki chache za mwanzo awepo mtu wa kujitolea, anayejulikana na wakazi, wa kuwaonyesha wageni namna ya kuvitumia. Tope litolewe kwanza kwa brashi, dawa ifuate. Ikipuliziwa juu ya tope, haifiki kwenye kiini cha ugonjwa.